Pai ya Bibi na Maji ya Magadi

Majani ya kunde yakichemka na magadi hutoa harufu nzito ya udongo uliolowa, na kila inaponifikia, hata nikiwa napita tu nyuma ya nyumba ya mtu hapa Tororo, damu hunichemka. Wapo ambao harufu za utotoni huwakumbusha mapaja ya mama zao. Mimi harufu hii hunikumbusha mwanamke aliyemdhalilisha bibi yangu mbele ya wageni, na jinsi nilivyomlipiza nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nimeombewa kanisani zaidi ya mara moja ili niache kinyongo. Sijaacha, na wanaoniombea wanajua hivyo.

Bibi, mama mzazi wa baba yangu, alinilea kwake Mukuju. Ujanani alikuwa amepika katika nyumba ya familia moja ya Wazungu mjini Tororo, na mama wa nyumba hiyo alimfundisha chakula alichokiita kishi, yaani pai isiyofunikwa juu, iliyojazwa mayai, maziwa na jibini. Wazungu wale walipohama, jibini iliondoka nao, lakini bibi alibaki na mkono wake. Mahali pa jibini aliweka boo, ndivyo sisi Jopadhola tunavyoyaita majani ya kunde, akaongeza samaki wa kukaushwa kwa moshi aliyechambuliwa miiba, vitunguu, na kijiko kikubwa cha simsim iliyosagwa. Oveni hakuwa nayo. Alitandaza unga aliouchanganya na siagi ndani ya sufuria pana, akamimina mchanganyiko wake, akaiweka sufuria hiyo ndani ya nyingine kubwa yenye mchanga, kisha akafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake. Pai ilitoka ya manjano, nene, imeshikana, na kipande kimoja kilimtosha mtu mzima hadi jioni. Nyumbani tuliiita pai ya Bibi, na hakuna aliyewahi kuifikiria kwa jina lingine.

Kulikuwa na jambo moja katika upishi wake ambalo hulioni kwa watu wa kwetu. Boo ni ngumu, kwa hiyo huchemshwa na magadi ili ilainike, na maji yake hayamwagwi. Hubaki chunguni, huongezwa maziwa, na chungu hupashwa moto siku ya pili na ya tatu, mboga ikizidi kunoga. Ukimwaga maji ya boo mbele ya mama wa Mukuju atakuuliza nani amekufundisha uharibifu. Lakini kwa ajili ya pai, bibi aliyamwaga. Aliisuuza boo mara mbili na kuikamua kwa nguvu mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe. Alinieleza sababu siku ya kwanza aliponipa kazi hiyo, kwamba mayai na magadi hayapatani, yakikutana motoni mayai hugeuka rangi na kunuka. Kazi ya kukamua ilikuwa yangu, alfajiri, na vidole vyangu vilibaki vya kijani hadi mchana.

Mwaka ule, likizo ndefu ilipoanza, mke wa baba yangu mkubwa alimwomba bibi aende kumsaidia Busia. Alikuwa amefungua hoteli upande wa Kenya, mahali ambapo madereva wa malori hukaa siku nzima wakisubiri karatasi zao zipite forodhani. Nilimwita Mama Mkubwa, kama ilivyopasa. Bibi alimwita Mama Peter, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Tulikwenda, tukapewa chumba cha nyuma karibu na matangi ya maji, na bibi akaanza kupika pai. Kwa wiki mbili hoteli ilijaa. Madereva waliokuwa wakila chapati na chai tu sasa waliulizia pai kabla hawajakaa. Mama Mkubwa hakukanyaga jikoni, kwa sababu moshi uliharibu nywele zake, na nywele zile zilikuwa zimemgharimu siku nzima ya kukaa kitako. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kupokea sifa.

Siku moja mchana dereva mmoja mnene wa Mombasa, mcheshi, alimaliza kipande chake cha pili akasema anataka kumpa mpishi mkono. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika jagi la maji ya kunawa. Mama Mkubwa alicheka, akamnyooshea mkono wake mwenyewe.

"Basi nipe, mpishi ndiye huyu. Hii nimesomea Nairobi."

Wakati huohuo bibi alitokea jikoni amebeba sahani safi, mikono ikichuruzika maji. Dereva akauliza, "Na huyu mama?"

"Huyo? Ni wa kuosha vyombo tu, usijali."

Asiyejua kwetu anaweza kusema ni neno dogo. Kwetu mama mkwe hakai hata kiti kimoja na mke wa mwanawe, kwa heshima iliyopo kati yao. Mke huyo humpigia magoti akimsalimu. Yeye ndiye amwoshee vyombo. Baba mkubwa mwenyewe, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa ameketi pale pembeni akila, na hakuinua kichwa. Bibi aliziweka sahani mezani polepole, akazipanga, akajifuta mikono kwa leso yake.

"Mama Peter, mimi narudi kwangu," alisema kwa Kiswahili chetu cha upande wa Uganda. "Kazi ya vyombo, tafuta mutu."

Alinishika mkono twende, lakini Mama Mkubwa akadakia kwamba mtoto abaki amalize likizo na wenzake, na bibi hakutaka kuvutana naye mbele ya wageni. Nilimtazama akivuka barabara na kifurushi chake kichwani, mgongo wima, bila kugeuka. Usiseme mtoto hajui chuki. Mimi niliijua siku ile, na ilikuwa imekomaa.

Siku mbili baadaye tajiri mmoja wa malori alituma ujumbe kwamba atakuja kula na wenzake, na kama chakula ni kizuri kama anavyosikia, madereva wake wote watakuwa wanakula hapo. Mama Mkubwa alinikalisha chini asubuhi, akanipa soda na mandazi matatu.

"Athieno, mama, wewe ndiye ulikuwa unamsaidia bibi. Niambie vile anafanya, moja kwa moja."

Nilimwambia. Nilimpa kipimo cha unga, idadi ya mayai, simsim, samaki, mchanga, makaa ya juu na ya chini. Nilimwambia achemshe boo na magadi mpaka ilainike. Kisha nikasema, "Halafu unamimina mayai na maziwa," nikanywa soda yangu. Hakuuliza lolote, maana maji ya boo hayamwagwi. Angemwuliza mwanamke yeyote kutoka Buteba hadi Merikit, angeambiwa hivyohivyo.

Alipofunua bati mbele ya wageni wale, pai ilikuwa ya kijivu chenye ukijani, kama maji ya bwawa, na ilitoa harufu ya yai lililosahauliwa na kuku. Tajiri aliweka kipande kidogo mdomoni kwa adabu, akakitema kwenye karatasi, akasema kina ladha ya sabuni. Mama Mkubwa akaanza kueleza kwamba leo aliyepika ni msichana wa kazi. Bahati yangu, yule dereva wa Mombasa alikuwa kati yao.

"Lakini mama, si ulituambia mpishi ni wewe? Ulisomea Nairobi?"

Walicheka wote, hadi waliokuwa nje. Waliondoka kula mahali pengine na hawakurudi. Mimi nilisimama na jagi langu nikimtazama usoni, na niseme ukweli, sijawahi kushiba kama siku ile.

Niliporudi Mukuju nilimsimulia bibi kila kitu, nikitarajia pongezi. Aliniambia kuharibu mayai ya watu ni dhambi, akaendelea kumenya karanga. Baada ya muda mrefu akauliza bila kuniangalia, "Iligeuka hata katikati?" Nikamwambia hata katikati. Alimenya nyingine kama kumi hivi, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na alicheka hadi akalia, na kilio hicho hakikuwa chote cha kicheko. Hakupika pai tena. Alifariki nikiwa sekondari.

Leo nina hoteli yangu Tororo, nina oveni ya umeme, na boo nakamua mwenyewe kwa sababu simwamini mtu. Hoteli ya Busia ilifungwa zamani. Mwezi uliopita Mama Mkubwa aliingia kwangu na akina mama wenzake wakitoka mazishini, amezeeka, anatembelea fimbo. Nilipiga goti nikamsalimu, kwa kuwa nimelelewa. Walikula pai. Mwenzake mmoja akashangaa, akauliza nimeitoa wapi. Mama Mkubwa akajibu kabla yangu, sauti yake chini, macho kwenye sahani.

"Hii ni ya mama mkwe wangu. Yeye ndiye alikuwa mpishi."

Ni maneno machache, na yangesemwa miaka ile mbele ya dereva mmoja, bibi angekufa akipika. Sasa aliyestahili kuyasikia yuko chini ya udongo wa Mukuju, na aliyebaki kuyapokea ni mimi, ambaye sina moyo wake.

"Sikusikia, Mama Mkubwa," nilimwambia.

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Aliniangalia, akaelewa, akarudia kwa sauti zaidi. Nikamwambia wa meza ya dirishani nao hawajasikia. Alishika fimbo yake, akasimama, akasema mara ya tatu hoteli nzima ikimtazama, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo.