Nilichoombwa Nisiseme Kanisani

Kanisa la Mwanga lilinipokea vizuri sana. Walinipa benchi la mwisho, karibu na mlango, penye hewa. Meza ya Bwana tu ndiyo sikupewa, kwa sababu sikuwa na barua ya utambulisho kutoka usharika wangu ng'ambo ya ziwa.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mzee wa kanisa. "Aliyekuwa akiandika barua hizo ni mume wangu. Na mhuri uliungua pamoja na kanisa."

"Marahaba. Pole sana, mama. Hakuna mwingine wa kuandika?"

Kosa lilikuwa langu. Tulipokimbilia mitumbwi nilibeba sufuria na kitenge, nikasahau kuwaomba wenye bunduki watusubiri tupige mhuri.

Mume wangu alikuwa mwinjilisti. Watu wale walitaka kanisa liwe ghala lao na ibada zikome. Alikataa kuwapa ufunguo, akasema nyumba ile si yake hata aigawe. Walimpiga risasi mlangoni, mchana, mihogo yangu ikiwa imeanikwa juani, kisha wakalichoma kanisa.

Miezi minne nilianika dagaa Kibirizi na kulia bila sauti, maana kazi haingoji. Kila Jumapili ya ushirika nilitazama sinia likiishia benchi la mbele yangu. Katika yote ya ndoa yetu, meza ile ndiyo pekee ambapo niliamini bado tungeweza kula pamoja, yeye huko aliko na mimi hapa.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mzee alikuja na dawa. Baraza la wazee lilikuwa limekubali: nikitoa ushuhuda wa marehemu mbele ya wageni, huo utatosha kuwa barua. Nikamsimulia yote, mpaka mwisho. Akakuna kidevu.

"Hapo mwisho paache, mama. Patawavuruga watu. Na ukiweza, sema alikufa akiimba."

"Hakuimba, mzee. Hata kwaya walimtoa kwa sauti yake."

Mama mwenye nyumba niliyopanga Ujiji, Mwislamu, alinisikiliza huku akichambua mchele. "Sema anavyotaka, upewe. Nani atavuka ziwa kwenda kuuliza?"

"Mimi nilikuwepo, mama."

"Basi wewe ni msumbufu, mwanangu." Akaniazima kanga yake mpya, nisiende kusumbua watu nikiwa nimechakaa.

Siku ile kaka mmoja alinitangulia kushuhudia mateso yake: jirani alikuwa amelalamikia spika za kwaya. Watu walitokwa machozi. Kisha nikasimama mimi, nikaeleza habari za ufunguo, wakasema amina. Nikaendelea.

"Waliponiona uani waliniuliza, huyu ni mumeo? Nikasema simjui, nimepita kuteka maji. Alikuwa bado hajafa. Alinisikia."

Amina hazikuja.

Wiki hiyo baraza lilinitenga miezi sita kwa kumkana mume na imani. Mzee alinisomea uamuzi kwa huzuni, nikamshukuru, na sikuwa nikimdhihaki. Kwa kukosa barua ningengoja milele. Kwa kukana nilipewa miezi sita. Dhambi ina utaratibu mzuri kuliko vita.

Sikukosa Jumapili hata moja. Wengine walinihurumia, wakaniambia kuna makanisa mengine mjini yasiyouliza mambo mengi. Sikwenda. Mume wangu hakuacha kanisa lake kwa sababu ya bunduki. Mimi nisingeacha langu kwa sababu ya benchi. Lakini kama leo wangekuja tena na kuniuliza swali lile, sijui ningejibu nini. Nasema kweli, sijui.

Siku ya kurudishwa kundini nilipiga magoti mbele ya wote. Mzee alinifikia na sinia, akainama.

"Ungenyamaza, mama, ungekula tangu mavuno."

"Ningekula peke yangu, mzee."

Hakuelewa. Akanipa kipande cha mkate, akaenda kwa aliyefuata.