Siku Mjomba Alipopoteza Mpira

Habari ya kifo chake ilinikuta dukani kwangu Kiomboi, nikimwelekeza mteja namna ya kuchanganya dawa ya kupe. Ilikuja kwenye simu: picha yake ya uzeeni, ndevu nyeupe, na chini yake maneno machache kwamba amefariki usingizini huko kwao. Mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo, kisha nikaona aibu, maana marehemu alikuwa mwigizaji wa filamu wa Marekani, mtu ambaye hakuwahi kujua kama duniani kuna mahali panaitwa Shelui.

Lakini sisi wa Shelui tulimjua. Jina lake halisi lilitushinda, kwa hiyo tulimwita Mjomba, kwa sababu katika filamu zake zote alifika amechelewa, akakuta watoto wako hatarini, akawaokoa bila maneno mengi. Jina hilo alipewa na baba yangu. Baba alikuwa na banda la video kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa, na mtafsiri alikuwa yeye mwenyewe. Alikaa pembeni ya runinga na maiki mkononi, filamu ikienda naye akiisimulia kwa Kiswahili: nani kasema nini, nani msaliti, nani leo atakiona cha moto. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Alichokosa alikijaza kutoka kichwani mwake, na madereva na wachimbaji wa dhahabu walikuja kusikiliza hasa hicho alichojaza.

Mwaka juzi baba alipasuliwa koo, na sauti ikaondoka. Madaktari walituokolea mtu, na hilo nashukuru kila siku. Sasa akitaka kitu hugonga meza kwa kidole, mengine huonyesha kwa mikono. Aliyeumia zaidi ni mama, ingawa si mtu wa kulalamika. Siku moja tukichambua mlenda aliniambia kwamba ameanza kuisahau sauti ya mumewe.

"Maneno yake nayakumbuka," alisema. "Ila yakinijia kichwani, yanakuja kwa sauti yangu mimi."

Nilichambua mlenda kwa hasira, kana kwamba ndio wenye kosa.

Basi siku ile nilifunga duka mapema, nikapanda gari hadi Misigiri, nikaunganisha la Shelui. Baba nilimkuta kibarazani, redio imezimwa, macho mekundu. Nilimwamkia, akaitikia kwa kunyanyua mkono, kisha akagonga kiti na kuelekeza kidole ndani, kwenye kabati.

"Tangu asubuhi anaitaka ile kanda," mama alisema. "Ile ya marungu."

Nilijua ni ipi, kwa sababu ilikuwa moja tu. Kila filamu nyingine baba aliisimulia papo kwa papo, na maneno yakaishia pale pale bandani pamoja na vumbi. Ila kipindi fulani alisikia kwamba watafsiri wa Dar es Salaam wanarekodi sauti zao kwenye kanda, naye akaingiwa na tamaa. Akachagua filamu ya Mjomba ambayo haikuwa na bunduki hata moja, ili milio isimmeze sauti. Ilihusu mchezo ambao hakuna mtu kwetu aliyewahi kuuona. Mmoja anarusha mpira mdogo, mwingine anausubiri na rungu, wa tatu amechuchumaa nyuma yake na wavu wa chuma usoni. Baba aliitazama peke yake, akaielewa kwa namna yake, akarekodi.

Mjomba humo ni mchezaji aliyezeeka, magoti yamechoka, anapewa nafasi ya mwisho. Mwishoni kabisa anaupiga mpira, unapaa, unavuka ukuta, unapotelea kwenye watu. Sasa Shelui tumekulia mpira wa makaratasi pembezoni mwa mashamba, na sheria yetu ilikuwa kali: anayeupiga ukaingia kwenye alizeti ndiye mkosaji. Mchezo unakufa mpaka auokote, na mwenye shamba akimkuta ni fimbo. Baba alipouona mpira umevuka ukuta hakuwa na shaka. Mjomba ameharibu. Alipokimbia polepole kuuzunguka uwanja, akigusa kila kona, baba alieleza kwamba anawaomba radhi wenye uwanja. Wenzake walipomrukia na kumkumbatia, baba alisema wanamliwaza.

Siku ya kuionyesha, banda zima liligeuka kuwa msiba, halafu msiba ukageuka kuwa ugomvi. Steringi wa filamu hashindwi! Dereva mmoja wa lori, mteja wetu mkubwa, alitoka akilipiga turubai la mlangoni kwa ngumi na kusema Mjomba amedhalilishwa. Kanda ile ikafungiwa kabatini, na hakuna aliyeiulizia tena. Kanda zilizopendwa zilichakaa kwa kuonyeshwa. Hii ilibaki nzima kwa kutopendwa, na ndani yake ndimo ilimobaki sauti ya baba.

Deki yetu ya kuchezea kanda ilikufa zamani. Kesho yake nilikwenda Singida mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza redio tangu sijazaliwa. Alinitolea deki iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga, akaniuliza ya nini. Nilipomtajia marehemu alitikisa kichwa. "Yule alikuwa mtu," alisema. Akanionya kwamba kanda ikikwama nisiivute, nizime kwanza. Njia nzima ya kurudi niliipakata ile deki, nikiiombea.

Jioni ile mpwa wangu wa kidato cha nne, anayeishi na wazazi wangu, alinivuta uani.

"Shangazi, unajua babu alikosea? Ule mpira ukivuka ukuta ndio ushindi wenyewe. Hakuna kikubwa zaidi ya hapo kwenye ule mchezo."

Nilimwambia afunge mdomo wake, na sikumwambia kwa upole. Mzee hana sauti ya kujitetea. Sikutaka mtoto wa shule amsahihishe mbele ya wageni tuliowaalika kesho yake. Nilikuja kumsikia baba yangu, basi. Mjomba na mpira wake wangenisamehe.

Tulikaa sebuleni alasiri ya siku iliyofuata, madirisha tumeyaziba kwa kanga. Baba alivaa koti lake la kanisani. Walikuja wateja wachache wa zamani, na yule dereva wa turubai, sasa mzee wa mkongojo. Mama alikaa mkekani karibu kabisa na runinga. Nilisukuma kanda ndani. Mistari ilipita, picha ikatetemeka, na kabla Mjomba hajaonekana, sauti ya baba ikajaa chumba.

"Karibuni ndugu zangu, kaeni vizuri, wa mbele inamisheni vichwa."

Mama alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nililia waziwazi, sina haja ya kuficha. Sauti ile ilikuwa nene kuliko nilivyoikumbuka, na ilikuwa na mzaha ambao nilikuwa nimeusahau kabisa. Alimwita yule wa wavu usoni golikipa aliyefungiwa kwa utovu wa nidhamu, na wazee wakacheka hadi wakashika mbavu. Mjomba alikuwa kijana kiasi, mzima, anatafuna kitu mdomoni. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba amekufa.

Tukafika mwisho. Mpira ukapaa, ukavuka.

"Poleni," ilisema sauti ya baba kwa huzuni. "Mjomba wetu amepoteza mpira."

Dereva alivua kofia. "Poleni," aliitikia, na wengine wakaitikia, kama tufanyavyo msibani. Nami nikaona hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, kosa limekaa mahali pake.

Ndipo baba alipogonga meza. Aligonga kwa nguvu, akitikisa kichwa. Aliuzungusha mkono kunionyesha nirudishe kanda nyuma. Nikairudisha. Akajikongoja hadi kwenye runinga, akaishika swichi ya sauti, akaishusha yeye mwenyewe, mpaka akajinyamazisha. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Babu anajua," mpwa wangu alisema taratibu. "Nilimwonyesha mchezo ule kwenye simu likizo iliyopita. Alicheka mpaka akakohoa."

Nilielewa, na sikutaka. Nimesafiri kote kule kuitafuta sauti ile, halafu yeye anaizima ili Mjomba asizikwe kama aliyeshindwa. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama swichi. Baba akagonga tena.

Basi nikasimulia. Nilianza kwa kigugumizi, nikapata njia. "Tazameni ndugu zangu, anaungoja, anaungoja, huo! Umevuka ukuta! Hakuna wa kuudaka! Mjomba ameshinda!" Mzee wa mkongojo aliruka kama kijana. "Nilisema!" alipiga kelele. "Nilisema mimi siku ile, steringi hashindwi!" Baba alipiga makofi, machozi yakishuka kwenye koti la kanisani, nami nikaendelea kusimulia mpaka Mjomba akazunguka kona zote, akafika, akapokelewa. Maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo. Wageni walisimama, wakampa baba mkono wa pole na wa pongezi kwa pamoja, wakatoka mmoja mmoja.

Mama hakusimama. Alingoja mpaka mlango ulipofungwa.

"Umesimulia vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa rudisha nyuma, upandishe sauti. Mimi nataka ile aliyokosea."