Majani ya Bibi

Kila wanapofyeka nyasi kando ya reli ya treni ya umeme, harufu inanirudisha Bonga, mbele ya nyumba ya bibi, tingatinga likinguruma.

“Treni ya mji itapita hapa, bibi. Tuliwaambia mhame,” alisema msimamizi.

Bibi aling’oa majani mabichi, akamnyooshea kwa mikono miwili. “Mwanangu, nakuomba.”

Nikashusha pumzi. Kwao bibi, Simanjiro, ukiombwa kwa majani hukatai. Hata ugomvi wa damu huishia hapo.

Msimamizi akayapokea, akatabasamu. “Asante, bibi.” Kisha akamtupia mbuzi wetu ale.

Mikono ya bibi ilibaki imenyooka vilevile, inanuka majani. Tingatinga lilipogusa ukuta wa chumba chetu, mbuzi alikuwa bado anatafuna.