Kompyuta ya Amerika ilivyomkosesha mama treni ya Kisumu

Wakuu, niaje. Hii si hekaya. Nilikuwepo, na bro wangu akiisoma hapa atanuna, lakini hawezi kubisha.

Ni miaka ya themanini, kwetu Ayany, Kibera. Bro alirudi kutoka Amerika na home computer na skrini yake. Stima ya huko ni 110 volts, yetu 240, kwa hivyo alibeba na transfoma ya kushusha.

Ikawaka. Majirani wakajaa mlangoni.

Siku moja mama alikuwa anaenda Kisumu kumzika baba yake. Mazishi ni kesho yake mchana. Treni ni ya saa kumi na mbili jioni, ukiikosa umekosa mazishi.

Saa yetu ya ukuta ilikuwa imekufa. Bro akasikiza redio saa tatu asubuhi, akaset saa ya kompyuta, kisha akachomoa redio. Socket ilikuwa moja tu, unaelewa?

Mchana wote mama hakutulia.

"Mbona kunaingia giza? Hebu tuulize jirani."

"Mathe, ni mawingu tu. Hii kitu haikosei."

Nani angebishana na mtu wa Amerika?

Skrini iliposoma saa kumi tukatoka, tukafuata reli kwa mguu kuelekea town, vile watu wa Kibera wamezoea. Mama mbele, mbio mbio. Bro nyuma na begi: "Pole pole mathe, time tunayo."

Hatukuwa tumefika nusu ya njia honi ikalia mbele yetu. Tukaruka kando. Mabehewa yakapita, taa zishawashwa ndani.

"Hiyo ni ya wapi?" mama akauliza.

Ilikuwa ya Kisumu. Bro akaweka begi chini. Akakaa kwenye changarawe, akamwita baba yake kwa Kijaluo, akamwomba amngoje. Nililia palepale, sina aibu kusema.

Alienda na basi asubuhi. Alikuta kaburi limeshafunikwa.

Bro alikuja kuelewa alipokaa chini na manual. Transfoma inashusha volts, haigusi frequency. Stima ya Amerika inapiga mara sitini kwa sekunde, yetu hamsini, na ile mashine ilikuwa inahesabu hayo mapigo ndio ijue saa. Kila saa moja ilibaki nyuma dakika kumi. Iliposoma saa kumi, kumbe ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu.

Funzo wakuu: mashine ya ng'ambo ikiwaka, usidhani imezoea kwetu. Na mzazi akikwambia kunaingia giza, toka nje uangalie.

Nyinyi mngemwambia nini mama pale kwa reli? Semeni, bro atasoma.