Mapanga Mawili

Kosa lile lilitokana na uangalifu wangu mwenyewe, na ndiyo maana kwa miaka kadhaa sikuweza kulisimulia bila kulitafutia mkosaji mwingine.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, Bariadi. Mwalimu wetu wa sanaa za maonyesho, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alinipa kazi ambayo sikuwahi kuiona ikifanywa: usimamizi wa jukwaa. Kila kifaa kikae mahali pake, kila mwigizaji aingie kwa wakati wake, na taa zisizimwe kabla ya mwisho. “Watu wakitoka ukumbini wanakukumbuka wewe,” alisema, “ujue umeharibu.”

Igizo lilihusu ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba la pamba. Katika sehemu ya kwanza kaka mkubwa hukata kigingi cha mpaka kwa panga la kweli, kwa kuwa mwalimu alitaka watu wauone mti ukipasuka. Katika sehemu ya mwisho humpiga mdogo wake begani kwa panga la mbao. La kweli niliazima kwa baba yangu mdogo, mkulima wa Ngulyati. La mbao nililichonga mwenyewe na kulipaka rangi ya mabati. Mwigizaji wa kaka mkubwa, kijana mrefu wa Mwamapalala, hakuridhika nalo.

“Jepesi mno, mayu,” alisema, akiniita mama kwa Kisukuma kwa sababu ya ukali wangu juu ya vifaa. “Nikilinyanyua najiona nafukuza nzi.”

Nikalipasua mpini, nikatia kipande cha nondo. Kisha niliyapima yote mawili, moja kila mkono, macho nimefumba, nikashindwa kuyatofautisha. Nilijivunia sana.

Siku ya onyesho, alasiri, wazazi na wageni walijaa. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa nailoni nyeusi ili taa za jukwaani zionekane, kwa hiyo nyuma ya pazia palikuwa na giza. Baada ya sehemu ya kwanza nilipaswa kulifungia panga la kweli sandukuni, na la mbao kulizungushia gunia, kwani kaka mkubwa huingia nalo likiwa limefichwa na hulifunua wakati wa kupiga. Nilifanya hivyo kwa haraka, kwa kupapasa. Akalipokea, akaingia.

Nilipoinama kufunga kufuli, kidole changu kilipita juu ya makali yaliyokuwa sandukuni. Yalikuwa butu.

La kweli lilikuwa jukwaani. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona mdogo amepiga magoti akifunga mzigo wa pamba, shingo wazi. Alikuwa kijana wa Lamadi, na mchana ule ule alikuwa amenimegea samaki wake. Maneno yote ya igizo niliyajua kwa moyo: yalibaki majibizano matano kabla ya pigo. Nilifungua kinywa nipige kelele, na sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Yakabaki matatu. Gunia likaanza kufunguliwa.

Swichi ya taa ilikuwa ukutani, karibu na bega langu. Niliizima.

“Haya, umeme huo!” mtu alisema ukumbini.

“Hata ndugu wakigombana wanakata!” akadakia mwingine, na watu wakacheka. Hakuna aliyeshangaa, tumezoea.

Niliingia jukwaani na panga la mbao kifuani, nikipapasa mpaka nikagusa mkono wa kaka mkubwa.

“Nani?”

“Mimi. Nipe hilo, chukua hili.”

“Kuna nini, mayu?”

“Nipe!”

Alinipa. Wakati huohuo tochi za simu zikaanza kuwaka, nami nikainama nikijifanya nashughulikia waya.

“Fundi huyo! Dada, usije ukaungua bure!”

Nilirudi nyuma ya pazia, panga limeelekea chini, nikawasha taa. Pigo likashuka. Mdogo akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia mazoezini. Mimi nilifumba macho, kwani katika giza lile nilikuwa nimeshika mapanga mawili kwa mara nyingine, nami sikuwa tena na hakika na mikono yangu.

Nilipoyafumbua, alikuwa amelala kama alivyofundishwa, akipumua.

“Umenipiga kweli, wewe!” alilalamika baadaye, akimwonyesha mwenzake bega lililovimba. “Mbao gani hiyo?”

Mwalimu alinivuta pembeni. “Umeme ulikatika,” alisema taratibu, “na feni zikaendelea kuzunguka.”

Nikamweleza yote. Aliomba panga, akaligusa makali, kisha akatafuta kiti akakaa. Nilisubiri anifukuze. Alimtazama yule kijana wa Lamadi akinywa soda na kucheka.

“Kesho lirudishe lilikotoka,” alisema hatimaye. “Wewe mwenyewe.”

Nilikwenda Ngulyati asubuhi, panga nimelizungushia gunia lile lile, nikilibeba kwa mikono miwili. Baba mdogo alikuwa uani. Nilimwamkia kwa kupiga goti, naye akalipokea.

“Limefanya kazi?”

“Halikufanya, baba.”

Alipitisha kidole gumba kwenye makali, akanitazama kwa mshangao.

“Mbona linakata vizuri tu,” alisema.