Kizuizi Alichokikataa Bi Borghild

Zamani hapa Nordhus mtu aliulizwa mara tatu kabla jibu lake halijaaminiwa. Siku hizi anaulizwa mara moja, tena na mtu aliyeshika funguo za gari mkononi.

Darrin Aasgaard alizaliwa hapa hapa, kwenye tambarare za Dakota, Marekani, na adabu yetu anaijua. Ukikaribishwa kahawa unakataa, ukikaribishwa tena unakataa, mara ya tatu unasema, "Haya, nusu kikombe tu," kisha unakunywa viwili. Marehemu baba yake, Selmer, aliyesimamia maghala ya ushirika wetu kabla yake, hakuwahi kuondoka kwa mtu kwenye "hapana" ya kwanza. Lakini Darrin alisomea usimamizi mjini, akarudi na viatu visivyopenda vumbi la ngano.

Ushirika una reli yake ya pembeni. Inachepuka kutoka reli kuu, inapita chini ya maghala, kisha inateremka na kuishia karibu kabisa na jiko la Bi Borghild Kvamme, mjane. Mwaka mmoja, theluji ilipoanza kuyeyuka, behewa tupu liliponyoka, likaruka magogo yaliyowekwa mwisho wa reli, likasimama kwenye kamba ya nguo ya mjane huyo. Halmashauri ikamwagiza Darrin anunue vifaa vya usalama.

Alivyofurahi! Alitembea na kitabu cha bidhaa kwapani kama mchungaji na Biblia. Akachagua chuma cha kuangushia behewa, kile kinachofungwa juu ya reli ili gurudumu likikipanda litoke njiani. Akakifunga kule juu, reli yetu inapoungana na reli kuu, kwa kuwa kwenye picha kilikuwa mahali kama pale. Hivyo reli kuu ikalindwa dhidi ya behewa ambalo, ili liifikie, lingelazimika kupanda mlima. Akanunua pia kabari za chuma za kuzuia magurudumu, za rangi ya manjano, nzuri mno hata akazitundika ofisini zisichafuke.

Kikabaki kizuizi cha mwisho wa reli, nguzo nene za chuma ambazo msingi wake ungeingia kwenye kiwanja cha Bi Borghild. Akaenda kumuuliza. Nilikuwa jikoni mle, na nusu kikombe changu cha pili.

"Bi Borghild, tukuwekee kizuizi hapa nyuma?"

"Aa, mwanangu, msijisumbue kwa ajili yangu. Kibibi kama mimi!"

"Basi sawa. Asante."

Na akaondoka! Bi Borghild alibaki ameshika birika, mdomo wazi.

Nikamfuata nje. "Wewe, rudi ukamuulize tena."

"Si amekataa, mzee?"

"Hajakataa. Ndiyo kwanza ameanza."

"Mimi sina muda wa michezo ya kizamani. Mtu mzima akisema hapana, ni hapana."

Nikamshauri Bi Borghild ampigie simu. "Nijiombee mwenyewe?" aliniuliza, kana kwamba nimemwambia akacheze uchi kanisani. Halmashauri nayo iliposikia kwamba amekataa, haikutaka kumbishia mtu. Badala ya kizuizi tukanunuliwa makoti yanayong'aa, yenye majina yetu mgongoni, tusije tukasahauliana.

Baada ya mavuno, siku ya upepo mkali, behewa lililojaa ngano likaachia breki. Kabari zilikuwa ukutani, safi. Bi Borghild alikuwa kanisani akipika chapati za viazi za karamu ya mavuno, na ndiyo maana yu hai. Darrin tulimkuta amesimama pale palipokuwa na jiko, koti linang'aa, ngano imemfika magotini. "Lakini alisema hapana," alikuwa akimwambia kila aliyefika.

Mara ya mwisho kuwaona wote wawili, Bi Borghild alikuwa anahamia kwa dada yake, mbali. Darrin alikuja kusaidia.

"Nikubebee sanduku, Bi Borghild?"

"Aa, usijisumbue."

"Nikubebee?"

"Hapana, mwanangu."

"Nikubebee?" Aliuliza haraka haraka, kama karani anayegonga mihuri.

Bi Borghild alimtazama usoni. "Hapana," alisema, akalibeba mwenyewe hadi garini. Darrin akabaki amenyoosha mikono, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha la kufanya na hapana ya tatu.