Meno ya Marehemu Mwinyihaji

Twaiba wa Mwabungo, muuza mahamri na mbaazi, ana meno ya babake. Mawili ya mbele, juu, yamepandana kama watu wanaogombea mlango, na akicheka yote huwa nje. Naye hucheka sana. Mteja mgeni akimkodolea mdomo, humwuliza, "Unayahesabu au unanunua?"

Mdogo wake, Muhsina, ana meno yayo hayo. Lakini tangu alipotaniwa darasani utotoni, huzungumza ncha ya mtandio ikiwa mdomoni, na akichekeshwa hugeukia ukuta. Baba mmoja, mama mmoja, meno mamoja. Huyu yamempa kiburi, yule yamemtia haya.

Baba yao, marehemu Mwinyihaji, alikuwa dalali wa samaki. Kicheko chake kilijulikana mpaka Munje, na hakuna mvuvi anayeweza kusimama leo aseme alipunjwa naye.

Posa ya Muhsina ilipokubaliwa, Bi Ummulkheir, mama wa kijana, aliarifu kwamba angekuja na jamaa zake kutoka Msambweni kuwaona wakwe. Muhsina akapeleka Ukunda picha ndogo ya baba ikakuzwe, itundikwe sebuleni. Asubuhi ya siku ya wageni Twaiba aliifungua ile iliyokuzwa. Aliipeleka dirishani, kwenye mwanga.

"Huyu nani?"

"Baba."

"Baba yupi? Baba yetu alikuwa na meno kama vigae vya bafu la hoteli?"

Muhsina aliinamisha kichwa. "Nilimwomba mpiga picha ayanyooshe kwa kompyuta. Dada, Bi Ummulkheir nilimwambia yangu yaliharibika nilipoanguka mtini. Akimwona baba alivyokuwa, au wewe ukicheka, atajua ni ya kizazi. Posa itavunjika."

"Na ivunjike! Baba hawezi kujisemea tena, nitamsemea mimi. Hakuna atakayemwonea aibu ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe."

Aliisukuma picha kubwa nyuma ya kabati, uso ukutani, akatundika ile ndogo ya zamani. Mama yao akaingia, akaitazama, akapangusa kioo kwa leso.

"Imekaa upande," alisema. "Inyoosheni. Fremu tu."

Wageni walifika alasiri. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, Bi Ummulkheir aliinuka akaisogelea picha.

"Ndiye marehemu?"

"Ndiye," alijibu Twaiba.

"Kumbe meno ni ya kwenu! Mimi niliambiwa habari ya mti."

Jamaa zake wakatazamana. Twaiba hakuangalia chini.

"Ni ya kwetu, Bi, na wajukuu wako wakijaliwa watayapata. Kama hayakupendezi, usione tabu kusema. Lakini chai utakunywa kwanza. Kwa Mwinyihaji mgeni haondoki na kiu." Kisha akacheka, meno yote nje, mbele ya wakwe.

Muhsina alikuwa mlangoni na sinia la kaimati, mikono yote miwili imeshika. Mtandio ulikuwa umemponyoka mabegani, mdomo u wazi.

"Mti niliutunga mimi," alisema. "Nilikuogopa."

"Na sasa?"

"Bado nakuogopa."

Hakulitua sinia ili ajifunike. Bi Ummulkheir akamtazama mdomo, akaitazama picha, akarudi kuketi.

"Kitu cha kuogopa ni uongo, mwanangu, si meno. Lete kaimati kabla hazijapoa."

Harusi ilifanyika. Usidhani Muhsina aligeuka mtu mwingine. Siku ile, wageni walipotoka tu, mtandio ulirudi pale pale, na Twaiba hakumsema. Ila baada ya harusi mpiga picha wa Ukunda alipiga simu kuuliza kama picha za bibi harusi nazo azinyooshe, kama alivyofanya ya mzee.

"Ziache kama zilivyo," alijibu Muhsina, ncha ya mtandio ikiwa mdomoni. "Na ile ya mzee usimwoneshe mtu. Yule si baba yetu."